Namba halisi: hatua za kuitambua namba yoyote na kuiweka katika kundi lake

Mpe mwanafunzi √16, 0.333… na 6/2, umwulize kila moja ni namba ya aina gani, na mara nyingi utamwona akijibu kwa kutazama sura tu: penye alama ya kipeuo anasema si namba wiano (namba inayoweza kuandikwa kama sehemu ya namba kamili mbili), penye nukta zisizokwisha anasema vilevile, na penye mstari wa sehemu anakataa kabisa kwamba inaweza kuwa namba kamili. Majibu yote matatu si sahihi, kwa kuwa √16 ni 4, 0.333… ni 1/3 na 6/2 ni 3. Aina ya namba haiamuliwi na jinsi ilivyoandikwa. Huamuliwa na kuwepo au kutokuwepo kwa namna fulani ya kuiandika, hata kama namna hiyo haionekani mbele yako kwa sasa. Ndiyo maana kazi ya kuzipambanua namba ina hatua zake na mpangilio wake, na anayeziruka hatua hizo huishia kukisia.

Hatua ya kwanza: yajue makundi na jinsi yanavyobebana

Namba za kuhesabia ni 1, 2, 3 na kuendelea, na kundi lake huandikwa N. Ukiongeza sifuri unapata namba nzima. Ndani ya makundi haya mawili unaweza kujumlisha na kuzidisha utakavyo bila kutoka nje, lakini ukitaka kutoa 5 katika 3 unakwama. Ili tendo la kutoa liwezekane daima, huongezwa namba hasi, na kundi linalopatikana ni la namba kamili, Z. Humo nako kugawanya kunakwama, kwa sababu 3 kugawanya kwa 5 hakuna jibu miongoni mwa namba kamili, na hapo ndipo zinapoingia namba wiano, Q, yaani namba zote zinazoweza kuandikwa kama a/b, ambapo a na b ni namba kamili na b si sifuri. Angalia neno «zinazoweza» katika maelezo hayo. Namba 7 haijaandikwa kama sehemu, lakini inaweza kuandikwa 7/1, na hilo linatosha.

Mpangilio huu ni wa mantiki, si wa historia. Wamisri wa kale walikuwa wakikokotoa kwa sehemu zaidi ya miaka elfu mbili kabla ya mwanahisabati wa India, Brahmagupta, kuandika mwaka 628 kanuni za kujumlisha, kutoa na kuzidisha kwa sifuri na kwa namba hasi, ambazo yeye aliziita madeni. Kanuni zake ni zilezile tunazofundishwa leo, isipokuwa alidai kwamba sifuri kugawanya kwa sifuri ni sifuri, dai ambalo hisabati ya sasa hailikubali.

Kila kundi kati ya haya limo ndani ya lile linalolifuata. Kwa hiyo 5 ni namba ya kuhesabia, ni namba nzima, ni namba kamili na ni namba wiano, yote kwa pamoja. Kuuliza iwapo 5 ni namba kamili au ni namba wiano ni sawa na kuuliza iwapo mtu fulani ni mama au ni mwanamke. Swali lenye maana ni kutaka kujua kundi dogo kuliko yote ambalo namba hiyo imo, kwa kuwa ukishalijua hilo, yale makubwa yanafuata yenyewe. Namba −7 inaanzia kwenye namba kamili, 3/5 inaanzia kwenye namba wiano, na 0 inaanzia kwenye namba nzima.

Namba zisizo wiano hazifuati utaratibu huo wa kubebana, na wengi huteleza hapa. Hazikuongezwa juu ya namba wiano kama kundi kubwa linalozifunika. Zipo kando, na makundi haya mawili hayana hata namba moja ya pamoja. Yakiunganishwa ndiyo yanayofanya namba halisi, R. Unapochora mchoro wa seti, chora mstatili wa R, ndani yake chora duara la Q lenye maduara madogo ya Z na N, kisha eneo lote la mstatili lililobaki nje ya duara la Q ndilo la namba zisizo wiano. Kila namba halisi ama ni wiano ama si wiano, na hakuna iliyo zote mbili.

Hatua ya pili: rahisisha kabla ya kuamua

Hatua hii ni fupi, lakini ndiyo inayookoa alama nyingi kuliko zote. Usitamke aina ya namba kabla ya kufanya kila hesabu inayoweza kufanyika. √(49/64) ni 7/8. √8 × √2 ni √16, yaani 4, ingawa kila kimoja kati ya vipeuo hivyo viwili peke yake si namba wiano. Kipeuo cha tatu cha −27 ni −3, na −√9 vilevile ni −3. Sehemu 0/4 ni sifuri, ilhali 4/0 si namba ya aina yoyote, kwa sababu hakuna namba ambayo ukiizidisha kwa sifuri utapata 4.

Kuna jozi moja ambayo ningependa kila mwalimu aiweke ubaoni: √0.09 na √0.9. Ya kwanza ni √(9/100), yaani 3/10, na hiyo ni namba wiano. Ya pili ni √(9/10), yaani 3/√10, na hiyo haiwezi kuandikwa kama sehemu ya namba kamili. Kikokotoo kitaonyesha 0.948683298 na tarakimu nyingine kadiri kioo chake kinavyoruhusu. Tofauti ya sifuri moja tu imeihamisha namba kutoka kundi moja hadi jingine, na jicho peke yake lisingeliona hilo.

Hatua ya tatu: isome desimali

Kila namba halisi inaweza kuandikwa kama desimali, na desimali hiyo inakuwa katika hali moja kati ya tatu: inafika mwisho, au haifiki mwisho lakini kuna fungu la tarakimu linalojirudia bila kukoma, au haifiki mwisho wala haina fungu linalojirudia. Hali mbili za kwanza ni za namba wiano peke yake. Hali ya tatu ni ya namba zisizo wiano peke yake. Hiki ndicho kipimo kikuu, na inafaa kujua kwa nini ni cha kweli badala ya kukikariri.

Chukua 3/7 na uigawanye kwa mkono. Ukigawanya 30 kwa 7 unapata 4, baki 2. Ukigawanya 20 kwa 7 unapata 2, baki 6. Halafu 60 inatoa 8, baki 4. 40 inatoa 5, baki 5. 50 inatoa 7, baki 1. Na 10 inatoa 1, baki 3. Baki ya 3 ndiyo namba uliyoanza nayo, kwa hiyo kuanzia hapo hesabu yote inajirudia kama ilivyokuwa, na jibu ni 0.428571428571… bila kikomo. Hili si la bahati. Unapogawanya kwa 7, baki zinazowezekana ni 0, 1, 2, 3, 4, 5 na 6 tu. Ikitokea baki ya 0, desimali imefika mwisho. Isipotokea, baki sita zilizosalia zitakwisha baada ya hatua zisizozidi sita, na moja lazima irudi. Hoja hiyohiyo inafanya kazi kwa asili yoyote, yaani namba yoyote iliyo chini ya mstari wa sehemu: sehemu yenye asili b ama itafika mwisho ama itakuwa na fungu linalojirudia lenye tarakimu zisizozidi b − 1.

Jihadhari hapa na kikokotoo. Sehemu 1/17 ina fungu la tarakimu 16, nalo ni 0588235294117647, na vikokotoo vingi vya kawaida havina nafasi ya kulionyesha fungu zima hata mara moja. Anayetazama kioo na kuona tarakimu zisizo na mpangilio anaweza kuapa kwamba namba hiyo si wiano, ilhali imeandikwa mbele yake kama sehemu. Kioo cha kikokotoo hakiwezi kuthibitisha kwamba desimali hairudii. Kinaweza tu kuonyesha kwamba bado haijarudia.

Ili kujua mapema iwapo desimali ya sehemu itafika mwisho, rahisisha sehemu hiyo kabisa, kisha vunja asili yake katika vigawo tasa. Ikiwa vigawo hivyo ni 2 na 5 tu, itafika mwisho. Kikiwemo kingine chochote, itajirudia. Sehemu 7/40 inafika mwisho, kwa kuwa 40 ni 2 × 2 × 2 × 5, na jibu lake ni 0.175. Sehemu 5/12 haifiki mwisho kwa sababu ya ile 3 iliyomo ndani ya 12, na jibu lake ni 0.41666… Ila 3/12 inafika mwisho, maana ukiirahisisha ni 1/4 na ile 3 imeondoka. Sababu ya 2 na 5 kupewa nafasi hii ya pekee ni kwamba tunahesabu kwa makumi, na 10 ni 2 × 5.

Kurudi nyuma, kutoka desimali inayojirudia hadi sehemu, ni kazi ya kuondoa mkia. Tuseme x = 0.727272… Fungu linalojirudia lina tarakimu mbili, kwa hiyo zidisha kwa 100 upate 100x = 72.727272… Ukitoa x, mikia yote miwili inafutana na kubaki 99x = 72, hivyo x = 72/99 = 8/11. Pale ambapo zipo tarakimu zisizojirudia mwanzoni, kama katika x = 0.41666…, zidisha mara mbili tofauti ili mikia ilingane: 1000x = 416.666… na 100x = 41.666…, na ukitoa unapata 900x = 375, yaani x = 5/12.

Njia hiyohiyo ikitumiwa kwa 0.999… inatoa 10x − x = 9, yaani x = 1. Watu wengi hukataa jibu hili na kusema kwamba 0.999… ni ndogo kuliko 1 kwa kiasi kidogo sana. Kwa anayeshikilia hivyo, swali la kumwuliza ni moja: kiasi hicho ni kipi? Namba yoyote chanya utakayoitaja, hata iwe ndogo namna gani, inapitwa mara tu tisa zinapokuwa za kutosha, kwa hiyo tofauti haiwezi kuwa kitu kingine isipokuwa sifuri. Hizo ni namna mbili za kuiandika namba moja.

Mfano wa hali ya tatu ni 0.101001000100001…, ambapo idadi ya sifuri inaongezeka kwa moja kila mara. Namba hii ina mpangilio ulio wazi kabisa, unaweza kuieleza kwa sentensi moja, na bado si namba wiano, kwa sababu hakuna fungu la urefu maalumu linalojirudia. Mpangilio na kujirudia ni mambo mawili tofauti.

Hatua ya nne: thibitisha kwamba si namba wiano

Kwa kuwa tarakimu haziwezi kuthibitisha lolote zikiwa zimekatwa, njia pekee ya kuwa na hakika kwamba namba si wiano ni uthibitisho wa hoja. Kwa vipeuo vya pili hoja hiyo ni fupi. Tuseme √2 ingekuwa a/b. Ingefuata kwamba a² = 2b². Sasa vunja pande zote mbili katika vigawo tasa. Ndani ya a² kila kigawo tasa kinatokea mara shufwa, kwa sababu kila kigawo cha a kimehesabiwa mara mbili, na ndivyo ilivyo ndani ya b². Lakini upande wa kulia una 2 moja zaidi, kwa hiyo humo 2 inatokea mara witiri. Namba moja haiwezi kuwa na vigawo vya 2 ambavyo idadi yake ni shufwa na hapohapo ni witiri. Basi a/b hiyo haipo.

Hoja hii haiishii kwenye 2. Inatupa kanuni ya kazi ya kila siku. Ukipewa kipeuo cha pili cha namba ya kuhesabia, ivunje namba hiyo katika vigawo tasa na uhesabu kila kigawo kinatokea mara ngapi. Vyote vikitokea mara shufwa, jibu ni namba ya kuhesabia. Kimoja tu kikitokea mara witiri, jibu si namba wiano. Hakuna hali ya katikati, yaani kipeuo cha pili cha namba ya kuhesabia hakiwezi kamwe kuwa sehemu isiyo kamili. Kwa mfano, 1764 ni 2² × 3² × 7², kwa hiyo √1764 = 2 × 3 × 7 = 42. Namba 1800 ni 2³ × 3² × 5², na ile 2 inatokea mara tatu, kwa hiyo √1800 = 30√2, ambayo si namba wiano.

Watu wa Babeli ya kale, zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, waliandika katika kibao cha udongo ambacho sasa kimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Yale kadirio la ulalo wa mraba ambalo, likigeuzwa kuwa desimali, ni 1.41421296. Thamani ya √2 ni 1.41421356… Kadirio hilo lilitosha kwa kazi yoyote ya ujenzi ya wakati huo na wa sasa, lakini ni namba wiano, na √2 siyo. Ukaribu hauhamishi namba kutoka kundi moja hadi jingine.

Hilo ndilo kosa la wale wanaosema kwamba π ni namba wiano kwa kuwa ni 22/7. Sehemu 22/7 ni 3.142857…, ilhali π ni 3.14159265…, kwa hiyo zinaachana katika tarakimu ya tatu ya desimali. Sehemu 355/113 iko karibu zaidi, ikiwa ni 3.14159292…, nayo pia si π. Johann Heinrich Lambert alithibitisha mwaka 1761 kwamba hakuna sehemu yoyote iliyo sawa na π, na Leonhard Euler alikuwa amekwisha kuonyesha jambo hilohilo kwa namba e, yaani 2.71828…, mwaka 1737. Mtu anayesema kwamba π ni uwiano wa mzingo wa duara kwa kipenyo chake, kwa hiyo lazima iwe wiano, amesahau sharti: mzingo na kipenyo haviwezi vyote viwili kwa pamoja kuwa namba kamili, hata ukichagua kipimo gani.

Si kila uthibitisho unahitaji vipeuo. Chukua logarithi ya 2 kwa kizio cha 10, yaani kipeo ambacho 10 ikipewa inatoa 2, ambayo kikokotoo huonyesha kama 0.30103. Ingekuwa a/b, ambapo a na b ni namba za kuhesabia, ingefuata kwamba 10 kwa kipeo cha a ni sawa na 2 kwa kipeo cha b. Upande wa kushoto unagawanyika kwa 5 na upande wa kulia haugawanyiki. Kwa mstari huo mmoja tu jambo limekwisha.

Kwa namba nyingine, hata hoja haijapatikana. Hadi leo hakuna aliyethibitisha iwapo π + e ni namba wiano au la. Kinachojulikana ni kwamba π + e na π × e haziwezi kuwa namba wiano zote mbili.

Unapounganisha namba mbili

Namba wiano ukiijumlisha na namba isiyo wiano, jibu daima ni namba isiyo wiano. Sababu yake ni nyepesi: kama 3 + √2 ingekuwa namba wiano, basi ukitoa 3 ungebaki na namba wiano, ilhali kilichobaki ni √2. Kuzidisha ni hivyohivyo, isipokuwa kwa sifuri, kwa kuwa 0 × √2 ni 0.

Namba mbili zisizo wiano hazina kanuni kama hiyo. Jumla ya 2 + √2 na 2 − √2 ni 4, na zao lao ni 4 − 2, yaani 2. Jumla ya √2 na √3, kwa upande mwingine, si namba wiano. Hapo huna budi kurudi hatua ya pili na kufanya hesabu yenyewe.

Hatua ya tano: iweke kwenye mstari wa namba

Mpaka hapa namba halisi zimeelezwa kama mkusanyiko wa namba wiano na zisizo wiano, na maelezo hayo yanatosha kwa mitihani mingi. Lakini yana kasoro ya kimantiki: kusema kwamba namba isiyo wiano ni namba halisi ambayo si wiano, na namba halisi ni ile iliyo wiano au isiyo wiano, ni kuzunguka mduara. Ili kuutoka, tazama mstari.

Kati ya namba wiano mbili zozote ipo nyingine, kwani wastani wao ni namba wiano pia. Kati ya 1/2 na 1/3 ipo 5/12, kati ya 5/12 na 1/2 ipo 11/24, na hakuna mwisho. Mtu angedhani kwamba namba zilizosongamana kiasi hicho zimeujaza mstari wote. Hazikuujaza. Chora mraba wenye upande wa urefu wa 1 ukiwa umekaa juu ya mstari kuanzia 0, kisha kwa bikari hamisha urefu wa ulalo wake hadi kwenye mstari. Bikari itagusa nukta ambayo hakuna namba wiano inayokaa hapo, kwa sababu urefu wa ulalo huo ni √2.

Unaweza kuisogelea nukta hiyo kwa kuzidisha tu. Kipeo cha pili cha 1.4 ni 1.96 na cha 1.5 ni 2.25, kwa hiyo √2 iko kati yao. Kipeo cha pili cha 1.41 ni 1.9881 na cha 1.42 ni 2.0164. Kipeo cha pili cha 1.414 ni 1.999396 na cha 1.415 ni 2.002225. Kila hatua inaongeza tarakimu moja ya uhakika, na njia hii inafaa kwa kipeuo chochote endapo huna kikokotoo karibu.

Mwanahisabati wa Ujerumani, Richard Dedekind, aliliona tatizo hili alipokuwa akifundisha Zürich mwaka 1858, na mwaka 1872 alichapisha jibu lake. Zigawe namba wiano zote katika mafungu mawili: kushoto weka zile zilizo hasi, sifuri, na zile chanya ambazo kipeo chake cha pili ni kidogo kuliko 2, kulia weka zilizosalia. Kila namba wiano imepata fungu lake, lakini fungu la kushoto halina iliyo kubwa kuliko zote, kwani ukitaja 1.41 nitakutajia 1.414, na fungu la kulia halina iliyo ndogo kuliko zote. Mpasuko huo kati ya mafungu mawili, kwa Dedekind, ndio unaoiainisha namba √2. Namba halisi ni namba wiano pamoja na kila mpasuko wa namna hiyo uliozibwa. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo lenye uzito kuliko yote katika somo hili. Makundi mengine yalipatikana kwa kulikwamua tendo fulani la hesabu. Namba halisi zilipatikana kwa kuziba matundu, na ndiyo maana mstari wa namba halisi hauna pengo.

Matundu yaliyozibwa si machache. Georg Cantor alithibitisha mwaka 1874 kwamba namba halisi haziwezi kupangwa katika orodha ya kwanza, ya pili, ya tatu na kuendelea, ilhali namba wiano zinaweza. Mwaka 1891 alitoa hoja fupi zaidi. Tuseme mtu analeta orodha ya namba zote halisi zilizo kati ya 0 na 1, zikiwa zimeandikwa kwa desimali. Tazama tarakimu ya kwanza ya namba ya kwanza, ya pili ya namba ya pili, na kadhalika. Kisha unda namba mpya ukiandika 5 kila mahali ambapo tarakimu uliyoiona si 5, na 6 pale ambapo ni 5. Namba yako inahitilafiana na kila namba ya orodha katika tarakimu moja angalau, kwa hiyo haimo. Kwa maana hiyo namba zisizo wiano, ambazo shuleni huonekana kama vighairi vichache vyenye majina kama √2 na π, ni nyingi kupita namba wiano kwa kiwango kisicholinganishika.

Namba halisi zinakoishia

Mlinganyo x² = −1 hauna jibu kwenye mstari, kwa kuwa namba halisi yoyote ikizidishwa kwa yenyewe haitoi jibu hasi. Jibu lake, i, linatufungulia kundi la namba changamano, C, zinazoandikwa a + bi, na namba halisi ni zile ambazo b yake ni sifuri. Kwa hiyo √−9, yaani 3i, si namba halisi, na kwa sababu hiyo swali la iwapo ni wiano au si wiano halihusiki nayo katika makundi tuliyoyaeleza. Usiichanganye na −√9, wala na kipeuo cha tatu cha −8, ambacho ni −2. Alama ya ukomo usiofikiwa, ∞, nayo si namba halisi. Huwezi kuiweka mahali popote kwenye mstari.

Mpaka mwingine uko ndani ya mashine. Kompyuta hutunza namba kwa tarakimu za 0 na 1, na kwa nafasi yenye kikomo, ambayo kwa kawaida ni biti 64, yaani nafasi 64 za 0 au 1. Maana yake ni kwamba kila namba yenye desimali inayohifadhiwa kwa njia hiyo ya kawaida ni namba wiano ambayo asili yake imejengwa kwa 2 peke yake. Kumbuka kanuni ya hatua ya tatu: kwa makumi, sehemu hufika mwisho ikiwa asili yake ina vigawo vya 2 na 5 tu, kwa mfumo wa mbilimbili inabaki 2 tu. Sehemu 1/10 ina 5 ndani ya asili yake, kwa hiyo ndani ya kompyuta 0.1 ni desimali isiyofika mwisho na lazima ikatwe. Ndiyo maana lugha nyingi za programu, ukiziambia zijumlishe 0.1 na 0.2, hujibu 0.30000000000000004, na ukizidisha √2 kwa √2 unapata 2.0000000000000004.

Katika kuandika programu, basi, usiulize iwapo namba mbili za desimali ni sawa. Uliza iwapo tofauti yao ni ndogo kuliko kiwango ulichokichagua. Na katika hesabu ya mkono iache √2 ibaki √2 na π ibaki π mpaka mstari wa mwisho, ndipo ugeuze kuwa desimali kwa idadi ya tarakimu uliyoombwa, kwa sababu ukikata mapema, kila kuzidisha kunakofuata kunazidisha pia kile ulichokikata.